Sasisho la usanidi wa mikondo ya data: lipelekwe kwa mkaguzi wa Marekani, wa Ulaya, au lifichwe?

Mhandisi aliyebuni njia ya kubadilisha usanidi wa mfumo wa mikondo ya data, yaani data inayotiririka bila kukoma, bila kuuzima huuliza kwanza: ofisi ipi ya hataza, ile haki ya kipekee juu ya uvumbuzi, ni rahisi? Ofisi mbili anazozifikiria kwa kawaida, ya Marekani na ya Ulaya, zote ni ngumu, ila kila moja imeweka kizingiti chake mahali pake. Ombi lilelile laweza kukwama kote kuwili kwa sababu zisizofanana hata kidogo. Ukizijua sababu hizo mapema, kuchagua hakusumbui sana, na pengine utagundua kwamba hataza yenyewe si ya kuombwa.

Tuchukue mfano mmoja na tuushike hadi mwisho. Kuna kazi inayochakata mkondo wa matukio usiku na mchana kwenye nodi nyingi, yaani mashine zinazogawana kazi hiyo, ikiwa na kanuni 400 za kuchuja na kukokotoa. Msimamizi anabadilisha kanuni moja. Njia ya zamani ni kutuma faili nzima ya usanidi na kuwasha kazi upya. Katika njia mpya, seva ya udhibiti inatafuta tofauti kati ya toleo la zamani na jipya, inaipa tofauti hiyo namba, kisha inaipenyeza ndani ya mkondo wenyewe kama alama, katikati ya rekodi za data. Kila nodi inageuka inapokutana na alama hiyo: rekodi zilizotangulia zinachakatwa kwa kanuni ya zamani, zinazofuata kwa kanuni mpya. Nodi iliyopokea toleo la 42 ilhali iko kwenye la 40 inajua kwamba la 41 limeipita, na inaliomba bila kusimamisha mkondo.

Kilichokwisha kujulikana

Wakaguzi wa pande zote mbili wanapekua intaneti ileile, na katika fani hii maktaba ya wazi ni kubwa mno. Wazo la kutuma tofauti badala ya kitu kizima ni la kale. Itifaki ya NETCONF ya kusimamia vifaa vya mtandao, iliyochapishwa kama RFC 4741 (RFC ni hati za viwango vya intaneti) mwaka 2006 na kurekebishwa kuwa RFC 6241 mwaka 2011, tayari ina namna ya kuunganisha, kuongeza au kufuta sehemu tu ya usanidi wa kifaa. JSON Patch, namna ya kuandika mabadiliko ya hati ya JSON, yaani RFC 6902, ilifuata mwaka 2013.

Kwenye mikondo yenyewe hali ni mbaya zaidi kwa mwombaji. Apache Kafka, programu huria ya kusafirisha mikondo ya data, ina pendekezo namba 339, lililoingia katika toleo la 2.3 mwaka 2019. Kabla yake, ukibadilisha kigezo kimoja ulilazimika kutuma vigezo vyote, na ulichokiacha kilirudi kwenye thamani yake ya awali. Pendekezo hilo lilileta wito unaogusa kigezo kimoja tu na kuacha vingine vilivyo. Apache Flink nayo, programu huria ya kuchakata mikondo, tangu toleo la 1.5 mwaka 2018, inaruhusu mkondo wa kanuni usambazwe kwa nodi zote na kubadilisha jinsi mkondo mwingine unavyochakatwa. Hata alama inayopita katikati ya rekodi ili kutenga kabla na baada ndiyo namna Flink inavyopiga picha za hali yake, yaani kuhifadhi nakala ya kilichomo kwenye kumbukumbu, mbinu ambayo asili yake ni kazi ya wanasayansi wa kompyuta Chandy na Lamport ya mwaka 1985.

Ukishayaweka hayo mezani, dai (sehemu ya ombi inayotaja kinachotakiwa kulindwa) pana la kupokea badiliko, kukokotoa tofauti, kuituma na kuitumia limekwisha. Kinachobaki ni kiungo: tofauti yenye namba ikisafiri ndani ya data ili nodi zote zigeuke kwenye rekodi ileile, pamoja na namna ya kuziba toleo lililokosekana huku data ikiendelea kutiririka. Ni kitu chembamba. Binafsi naona dai jembamba linalosimama lina thamani kuliko dai pana ambalo mshindani ataliangusha kwa kurasa mbili za mwongozo wa Kafka. Basi kiungo hicho ndicho tunachokipeleka kwa mkaguzi.

Meza ya Marekani

Mkaguzi wa USPTO, ofisi ya hataza ya Marekani, anaanza na kifungu cha 101 cha sheria ya hataza: je, jambo hili ni la aina inayoweza kupewa hataza? Tangu hukumu ya Mahakama ya Juu katika kesi ya Alice dhidi ya CLS Bank mwaka 2014, kifungu hiki kimekuwa mwiba kwa maombi ya programu. Kwanza mkaguzi anauliza kama dai limeelekea kwenye wazo dhahania. Likiwa hivyo, anatafuta kitu cha ziada kinacholitoa huko. Mwongozo wa ofisi hiyo wa Januari 2019 uliwapa waombaji nafasi ya kupumua: dai linaweza kugusa wazo dhahania na bado likapita, ikiwa wazo hilo limefungwa ndani ya matumizi halisi, kwa mfano kuboresha utendaji wa kompyuta yenyewe.

Kwa mfano wetu hatari iko wazi. Kulinganisha orodha mbili na kuandika kilichobadilika ni jambo ambalo mtu anaweza kulifanya kwa kalamu na karatasi, na mkaguzi ataliita mchakato wa akilini. Katika mwaka mmoja, 2016, mahakama ya rufaa ya shirikisho ilitoa hukumu mbili zinazoonyesha pande zote za mpaka. Katika Electric Power Group dhidi ya Alstom, kukusanya taarifa za gridi ya umeme, kuzichambua na kuonyesha matokeo hakukutosha. Katika Enfish dhidi ya Microsoft, jedwali la hifadhidata lililopangwa kwa namna mpya lilipita, kwa sababu liliboresha jinsi kompyuta inavyohifadhi na kutafuta data. Maelezo ya hataza ya Enfish yalikuwa yamezitaja faida hizo waziwazi: utafutaji wa haraka, kumbukumbu kidogo, unyumbufu wa kupanga data.

Kwa hiyo hati yako iseme kinachotokea kwenye mashine. Andika kwamba kazi haiwashwi upya, kwamba hali iliyo kwenye kumbukumbu haipotei, kwamba mtandao unabeba kipande kidogo badala ya faili nzima, kwamba hakuna rekodi inayochakatwa nusu kwa kanuni ya zamani na nusu kwa mpya. Kisha eleza ni muundo gani unaoleta hayo. Neno "kwa ufanisi" peke yake halijawahi kumwokoa mtu.

Ukivuka 101 unakutana na 103, kifungu cha udhahiri kinachokataa jambo lililo dhahiri kwa mtu wa fani (mtaalamu wa kawaida wa eneo hilo), na kwa maoni yangu vita vyenyewe viko hapa. Tangu KSR dhidi ya Teleflex mwaka 2007, mkaguzi ana uhuru mpana wa kuunganisha nyaraka mbili akisema mtu wa fani angeona sababu ya kuziunganisha. Atachukua pendekezo la Kafka, aongeze alama za Flink. Jibu lenye nguvu ni kuonyesha kwamba ukiziunganisha hivihivi mfumo unaharibika. Alama za Flink zinahusu picha ya hali. Hazisemi nodi ifanye nini inapokosa badiliko la kati. Kama hilo halimo kwenye hati, huna cha kumjibu.

Kuna mtego mwingine, mdogo lakini wa kawaida. Madai yanayotaja "moduli ya kusasisha" au "kitengo cha kusawazisha" yanaweza kusomwa kwa mujibu wa kesi ya Williamson dhidi ya Citrix ya mwaka 2015 kama maneno matupu yasiyo na muundo. Hapo dai linabanwa kwenye algoriti iliyomo ndani ya maelezo, na algoriti isipokuwemo, dai linaanguka kwa kukosa uwazi. Chora mtiririko wa hatua, hata kama wewe na wenzako mnauona ni wa kitoto.

Utaratibu wenyewe una ubinadamu wake. Unaweza kuomba mazungumzo na mkaguzi, kwa simu au video, na nusu saa ya maongezi mara nyingi hufafanua kuliko barua tatu. Ukipata barua ya kukataliwa iitwayo ya mwisho, hilo "mwisho" si mwisho. Unalipa ada ya kuendeleza ukaguzi na kurudi mezani. Kumbuka pia wajibu wa kutaja: ukijua nyaraka inayogusa uvumbuzi wako, kama lile pendekezo la 339, unapaswa kuiwasilisha mwenyewe. Ukiificha, hataza iliyopatikana inaweza kukosa nguvu mahakamani.

Meza ya Ulaya

Ibara ya 52 ya Mkataba wa Hataza wa Ulaya, uliotiwa saini Munich mwaka 1973, inasema programu za kompyuta kama zilivyo si uvumbuzi. Ukiusoma mstari huo peke yake utadhani mlango umefungwa. Kumbe mlango huo ndio mwepesi kuliko yote: dai likitaja kompyuta inayotekeleza njia, limekwishaingia ndani, kwa mujibu wa uamuzi wa baraza la rufaa la ofisi ya Ulaya katika kesi ya Hitachi, T 258/03, wa mwaka 2004. Ugumu umehamishiwa kwenye hatua ya uvumbuzi, yaani swali la kama jambo hilo halikuwa dhahiri kwa mtu wa fani.

Huko kuna mbinu iitwayo COMVIK, kutokana na uamuzi T 641/00 wa mwaka 2002. Mkaguzi anapitia vipengele vya dai kimoja kimoja na kuvipanga: hiki cha kiufundi, hiki si cha kiufundi. Kisicho cha kiufundi hakihesabiwi upande wako. Kinaweza hata kuingizwa kwenye tatizo lenyewe, kama agizo ambalo mhandisi amepewa na bosi wake. Baraza Kuu la Rufaa la ofisi hiyo liliithibitisha njia hiyo katika G 1/19 mwezi Machi 2021, kwenye shauri la programu ya kuiga mwendo wa watembea kwa miguu.

Tazama inavyofanya kazi kwenye mfano wetu. Tuseme kanuni zinazobadilishwa ni viwango vya punguzo la bei kwa wateja, na wewe umeandika dai lako ukisifu jinsi viwango vipya vinavyochaguliwa. Mkaguzi wa Ulaya atasema: viwango ni uamuzi wa kibiashara, mhandisi ameambiwa "badilisha viwango bila kusimamisha mfumo", sasa tuone alichobuni. Uchaguzi wa viwango umefutika. Alama, namba za toleo na uzibaji wa pengo vinabaki, maana vinahusu jinsi mashine zinavyoendeshwa. Uvumbuzi uleule ukiandikwa kwa macho ya idara ya mauzo unakufa, na ukiandikwa kwa macho ya anayeamshwa usiku mfumo unapoanguka una nafasi nzuri.

Baada ya hapo mkaguzi anatafuta waraka ulio karibu zaidi na dai, anataja tofauti, anaiuliza tofauti hiyo inaleta athari gani ya kiufundi, kisha anauliza kama mtu wa fani angefanya hivyo, na si tu kama angeweza kufanya. Ni utaratibu mkavu, ila unatabirika, na mimi ninaupenda kuliko ule wa Marekani kwa sababu unajua hoja ipi ijibiwe wapi. Lakini athari lazima ipatikane katika upana wote wa dai. Ukidai "mkondo wowote" ilhali faida inaonekana tu pale rekodi zinapofika kwa mpangilio, utaambiwa upunguze.

Kinachowaumiza wengi Ulaya ni ibara ya 123(2) ya mkataba uleule: huwezi kuongeza kitu ambacho hakikuwemo kwenye hati siku ya kuwasilisha. Mahali pengi sheria husema hivyo, Ulaya wanamaanisha. Ikiwa ulieleza alama ikiwa pamoja na namba ya toleo kila mara, usitarajie kudai baadaye alama isiyo na namba. Watakwambia hukuwahi kuvitenganisha. Dawa yake ni kuandika mapema sentensi za aina hii: katika baadhi ya utekelezaji namba inaweza kukosekana, alama inaweza kupita kwenye njia tofauti na data, tofauti inaweza kuwa orodha ya amri au hali mpya ya sehemu moja. Zinachosha kuandika, na ndizo zitakazokuokoa miaka mitatu baadaye.

Tofauti ndogo za kiutaratibu: uamuzi ni wa watu watatu, si mmoja, kwa kawaida unaruhusiwa dai huru (lisilotegemea dai jingine) moja kwa kila aina, njia moja, kifaa kimoja, programu moja, na ada za ziada huanza dai la 16, wakati Marekani huanza la 21 au dai huru la nne.

Tarehe huamua kuliko hoja

Ningeshauri swali hili liulizwe kabla ya yote yaliyotangulia: nani ameshauona uvumbuzi huu, na lini?

Wahandisi wa mikondo hufanya kazi hadharani. Wanaweka msimbo kwenye hazina ya wazi, wanaandika pendekezo, wanatoa mada kwenye mkutano. Marekani inakusamehe tangazo lako mwenyewe ikiwa umewasilisha ndani ya mwaka mmoja. Ulaya haikusamehi hata siku moja, isipokuwa mambo machache sana kama mtu kukuibia siri. Msimbo uliosukumwa kwenye hazina ya wazi Jumatatu ni kizuizi kwa ombi la Ulaya la Jumanne. Japani inasamehe mwaka mmoja tangu 2018, kwa sharti la kulitaja tangazo hilo unapowasilisha.

Ila mizani hupinduka unapouza kwa siri. Katika kesi ya Helsinn dhidi ya Teva mwaka 2019, Mahakama ya Juu ya Marekani ilishikilia kwamba hata mauzo yaliyofungwa kwa makubaliano ya kutunza siri huanzisha saa ya mwaka mmoja. Mteja aliyenunua huduma yako inayotumia njia hii, hata kama hajui kilichomo ndani, anaweza kukufungia mlango wa Marekani. Kesi ya Celanese ya mwaka 2024 ilithibitisha kwamba kuuza bidhaa iliyotokana na mchakato wa siri kunatosha. Ulaya inauliza tu kama umma ungeweza kuujua uvumbuzi. Mauzo ya siri hayauharibu.

Kwa hiyo mradi wa chanzo huria uliochelewa unaelekezwa Marekani, na kampuni iliyouza kimyakimya kwa miaka miwili inaelekezwa Ulaya. Watu wengi hudhani kinyume.

Gharama na yanayofuata

Hapa sitakaa sana. Ulaya unalipa ada ya kila mwaka kuanzia mwaka wa tatu hata ombi likiwa bado linakaguliwa. Marekani hulipi ada ya kuhifadhi mpaka hataza itoke, kisha unalipa kwenye miaka 3.5, 7.5 na 11.5. Huko Marekani waombaji wadogo hupata punguzo la asilimia 60, na wadogo zaidi asilimia 80. Hataza ya Ulaya ikitolewa, mtu yeyote ana miezi tisa ya kuweka pingamizi, na tangu Juni 2023 unaweza kuigeuza kuwa hataza ya umoja inayoshika nchi kadhaa kwa pamoja. Kote kuwili ukomo ni miaka 20 tangu kuwasilisha.

Jambo linalosahaulika ni nani atakayekiuka dai lako, yaani kuutumia uvumbuzi bila ruhusa. Njia yetu ina seva ya udhibiti upande mmoja na nodi upande mwingine, na huenda zikamilikiwa na watu wawili tofauti. Dai linalohitaji vyote viwili ni gumu kumshikia mtu mmoja. Andika dai moja kwa macho ya nodi peke yake: inapokea alama, inasoma namba, inagundua pengo, inaomba kilichokosekana.

Au usiombe kabisa

Kwa kawaida ombi huchapishwa miezi 18 baada ya tarehe ya kwanza, likubaliwe lisikubaliwe. Ikiwa njia yako inaendeshwa ndani ya seva zako tu, na hakuna kinachoonekana nje, jiulize utamjuaje mshindani anayeitumia. Kama huwezi kumjua, umeuza maelezo yako kwa bei ya bure. Siri ya biashara inalindwa Marekani kwa sheria ya shirikisho ya mwaka 2016 na Ulaya kwa agizo la mwaka huohuo, mradi umechukua hatua za kweli za kuitunza. Haimzuii mtu aliyegundua mwenyewe, wala aliyefumua bidhaa uliyomuuzia kwa halali. Programu inayosakinishwa kwenye mashine za mteja haifai kufichwa kwa njia hii. Huduma inayokaa kwako inafaa sana.

Na kama hofu yako ni kwamba mwingine atakuja kuiombea hataza halafu akuzuie, itangaze. IBM ilichapisha jarida zima la mambo ya aina hii kuanzia 1958 hadi 1998. Leo pendekezo la wazi lenye tarehe, lililoandikwa kwa undani, linafanya kazi ileile bila ada ya ofisi yoyote.

Ningechaguaje

Kama hakuna aliyeona kitu na njia inaonekana kutoka nje, kwa mfano kwenye itifaki ambayo nodi za watu wengine lazima ziizungumze, ningeandika hati kwa kipimo cha Ulaya, yaani yenye athari za kiufundi na mbadala zote, kisha niiwasilishe kwanza Marekani kama ombi la muda. Ombi hilo linanipa miezi 12 ya kipaumbele, yaani haki ya kuhesabiwa tarehe ya ombi la kwanza, na kupitia PCT, mkataba wa kimataifa wa hataza, naweza kusubiri hadi mwezi wa 30 kwa Marekani au wa 31 kwa Ulaya kabla ya kuingia kwenye gharama kubwa. Nisingewasilisha slaidi za mkutano kama ombi la muda. Ulaya inatambua kipaumbele kwa kile tu kilichoandikwa humo, na slaidi husema machache.

Kama thamani iko kwenye maudhui ya kanuni na si kwenye jinsi zinavyobadilishwa, nisingepoteza pesa Ulaya, na Marekani ningekwenda kwa shingo upande.

Na kama miezi 14 imepita tangu msimbo uwekwe hadharani, milango yote miwili imefungwa kwa kilichomo kwenye msimbo ule. Kinachoweza kuombewa ni kilichoongezwa baadaye, tuseme uzibaji wa toleo lililokosekana, ikiwa haukuwemo tangu mwanzo. Mkaguzi atauweka msimbo wako wa awali mezani kama waraka wa kwanza wa kukupinga, na nyongeza itabidi isimame mbele yake kama ambavyo ingesimama mbele ya kazi ya mtu mwingine yeyote.